Mwalimu Asiyejua Kudaka

Mkaguzi alikuwa aje Alhamisi, na kufikia Jumatatu asubuhi mwalimu wa mazoezi ya viungo alikuwa tayari hakaliki. Chumba cha walimu kilikuwa na viti tisa. Alijaribu vitatu na chai yake ikapoa mbele ya cha nne. Alisimama dirishani, akarudi, akamwaga sakafuni vifuko vya mchanga alivyovishona mwenyewe, akavihesabu, akavirudisha guniani, kisha akavimwaga tena. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alimwuliza bila kuinua kichwa kama amekalia siafu.

Wanafunzi wa madarasa ya chini walimwita Mwalimu Ruka, na jina lilikuwa limeshika kiasi kwamba karani wa shule aliwahi kuliandika kwenye ratiba, akalifuta kwa aibu. Wapo walimu walioamini kazi yake ni kupuliza filimbi na kuota jua. Yeye aliwaacha waamini. Alijua kwamba mtoto wa miaka sita haruki kwa mguu mmoja eti kwa sababu ana miguu. Lazima aonyeshwe namna ya kukunja goti kabla ya kupaa, namna ya kuitumia mikono, na namna ya kutua ili magoti yapokee uzito. Mtoto anayerusha kwa mkono wa kulia huku ametanguliza mguu wa kulia, mpira wake huangukia karibu na vidole vyake, naye hujiona hana nguvu, kumbe kilichokosekana ni hatua tu. Mwalimu alikuwa na daftari lenye majina yote, na mbele ya kila jina visanduku vya kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, kudundisha, kusimama kwa mguu mmoja.

Kwenye kudaka ndiko alikopata sifa. Watoto wake wa darasa la pili walidaka kwa vidole, viwiko vikilegea kupunguza kasi ya mpira, si kwa kuukumbatia kifuani kama mzigo. Habari zilimfikia mkaguzi, naye akataka kuona wanafundishwaje. Ripoti yake ingekwenda pamoja na maombi ya ajira ya kudumu, kwa sababu Mwalimu Ruka alikuwa mwaka wa tatu kwenye mkataba wa muda na mwalimu mkuu alishachoka kuuandika upya.

Jambo ambalo mkaguzi hakulijua, wala mwalimu mkuu, ni kwamba Mwalimu Ruka mwenyewe hajui kudaka.

Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni sawasawa tangu utotoni. Lilionyesha dunia kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. La kulia lilikuwa zima, na kwa hilo alisoma, alipika, alitunga uzi kwenye sindano. Lakini kitu kikija usoni moja kwa moja, hakuweza kujua kimefika wapi. Kilikuwa mbali, mbali, halafu kilikuwa kimeshampiga. Kwa hiyo alijifunza kutumia masikio. Mpira ukidunda mara moja chini, husema pa, na kutoka pa hadi mikononi kuna muda wa kuhesabu moja. Alilichambua tendo la kudaka vipande vidogo vidogo mno, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na njia nyingine, na watoto wakavimeza vipande hivyo kama karanga. Darasani alikuwa akirusha yeye, na mtoto ndiye anayeitwa mbele kuonyesha kudaka. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeona ajabu.

Fomu ya afya aliyojaza alipoomba kazi ilikuwa na swali kama ana upungufu wowote wa mwili, naye aliandika hakuna. Kwenye kipimo cha macho alifunika jicho la kushoto kwa kiganja cha kushoto, akasoma herufi zote. Alipoambiwa abadilishe, alifunika jicho lile lile la kushoto kwa kiganja cha kulia, akasoma tena. Daktari alikuwa ameinamia karatasi zake.

Mumewe tu ndiye aliyejua. Alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa utani, na njiani hakuwahi kutembea upande mwingine ila wa kushoto kwa mkewe. Alisema yeye ndiye kioo cha pembeni cha hiyo gari.

Jumatatu hiyo, kipindi cha tatu, darasa la kwanza lilitoka uwanjani. Uwanja ulikuwa wa udongo mgumu, na kwenye sakafu ya saruji mbele ya ghala alikuwa amechora mistari kwa chaki. Miongoni mwa watoto thelathini na wanane alikuwamo binti mmoja mwembamba aliyeitwa Panzi na wenzake kwa jinsi alivyoruka. Alipaa kama chini kuna moto. Kwenye daftari kisanduku chake cha kuruka kilikuwa na alama ya juu kuliko wote. Kisanduku cha kudaka kilikuwa kitupu, kwa sababu alikuwa amehamia katikati ya muhula na darasa lilikuwa bado kwenye mpira wa kudunda, ambao aliudaka vizuri tu.

Siku hiyo walianza mpira usiodunda. Mwalimu alisimama hatua tatu, akawarushia mmoja mmoja mpira laini wa sponji kwa chini, taratibu. Zamu ya Panzi ilipofika, mtoto aligeuza kichwa kidogo upande wa kulia, kama kuku anayeitazama punje, akanyoosha mikono, na mikono ikafumba mpira ukiwa bado njiani. Ulimgonga kifuani. Mara ya pili mikono ilichelewa, ukampiga kidevuni. Wenzake walicheka. Panzi naye alicheka, kicheko cha haraka cha mtu anayetaka jambo lipite, akaukimbilia mpira na kuurudisha.

Mwalimu Ruka aliushika ule mpira akasahau kuurusha tena. Kile kichwa kilichogeuka alikuwa akikijua. Na hicho kicheko pia alikijua.

Siku ya pili alibuni mchezo. Kila mtoto afunike jicho moja kwa kiganja na kutembea juu ya mstari wa chaki hadi mwisho, kisha abadilishe jicho arudi. Watoto waliona raha. Panzi alikwenda vizuri akiwa amefunika la kulia. Wakati wa kurudi alifunika la kushoto, akapiga hatua mbili, akasimama. Kisha akaendelea kwa kasi. Mwalimu alichuchumaa mwishoni mwa mstari, akamtazama akija, na kati ya vidole vya mkono ule mdogo aliliona jicho la kushoto likichungulia.

Alikwenda kwa muuguzi wa shule kabla hata kengele haijalia. Muuguzi alitoa faili. Watoto wote walipimwa macho mwanzoni mwa muhula, na Panzi alikuwa amesoma herufi zote kwa macho yote mawili. Mwalimu aliuliza walifunika jicho kwa kitu gani. Kwa mkono, alijibiwa, kwani kuna kitu kingine?

Jumatano asubuhi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyependa mambo yaje na karatasi. Mwalimu Ruka alieleza kwamba yule mtoto haoni kwa jicho la kulia na anahitaji barua ya kwenda kliniki. Mwalimu mkuu alisikiliza akiwa amekunja mikono, akauliza amejuaje ilhali muuguzi amempima na kumwona mzima. Mwalimu Ruka alijibu kwamba amemwona tu anavyodaka. Mwalimu mkuu alisema kutodaka si ugonjwa, yeye mwenyewe hajawahi kudaka kitu maishani mwake na macho yake ni mazima. Mkaguzi anakuja kesho. Baada ya hapo watazungumza.

Mchana alimsubiri mama wa Panzi getini. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya vioo viwili mtaa wa nyuma, na alikuwa amemwacha mteja kichwa nusu. Aliyasikiliza maneno ya mwalimu huku amemshika mwanawe mkono tayari kwa kuondoka. Alisema mtoto wake anaona vizuri sana, anamtungia nyuzi, anasoma mabango barabarani kabla yake. Kisha akasema, bila ubaya, kwamba mwalimu wa kuruka na afundishe kuruka, macho yana wenyewe. Panzi aliondoka akirukaruka ubavuni kwa mama yake, na walipokata kona bega lake la kulia lilikwaruza nguzo ya geti. Mama hakuliona. Mtoto hakulia, ni kama aliyezoea.

Jioni mwalimu aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mumewe alikuwa amefungua injini ya jokofu la mtu mezani, akamwambia aketi, kwani akiendelea kuzunguka hivyo atachimba mtaro sebuleni. Aliketi, akainuka. Akamweleza yote.

"Umeshamwambia mama yake," mumewe alisema. "Na mkuu umemwambia. Unataka nini zaidi?"

"Hawakuniamini."

"Watakuamini ukiwaambia umejuaje. Na ukiwaambia umejuaje, barua ya kazi huioni." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Sikwambii usiseme. Nakwambia ujue unachokwenda kukilipia."

Usingizi wa mwalimu usiku huo ulikuwa wa vipande.

Alhamisi mkaguzi alifika mapema, mwanamume mrefu mwenye viatu vya raba vyeupe na sauti ya upole. Mwalimu Ruka aliyagawa madarasa yake kama alivyopanga, ila jambo moja alilibadilisha. Alipowaita watoto wa kuonyesha kudaka, Panzi alimweka kundi la kuruka. Alijiambia kwamba ni kwa sababu Panzi anaruka vizuri. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa hiyo sababu.

Somo lilinyooka kama uzi. Watoto wa darasa la pili waliimba kwa pamoja tazama, nyoosha, vuta, na mipira ikatua mikononi mwao mmoja baada ya mwingine, ikidunda na isipodunda. Mkaguzi aliacha kuandika akawa anatazama tu. Alipita upande wa kuruka, akamwona Panzi akivuka pete sita za plastiki kwa mguu mmoja, akageuka na kurudi kwa mguu wa pili bila kupumzika, akapiga makofi peke yake. Mwishoni alimpa mwalimu mkono mbele ya mwalimu mkuu. Alisema hajaona kudaka kukifundishwa hivyo, na kwamba ripoti ataiandika kesho kutwa akiwa na furaha. Mwalimu mkuu alicheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

Watoto walipokuwa wakirudisha pete ghalani, Panzi alimfuata.

"Mwalimu, mbona mimi leo sikudaka?"

"Leo uliruka."

"Lakini nilikuwa nataka kudaka. Nilifanya mazoezi na ukuta."

Mwalimu alimwambia atadaka kesho. Mtoto aliridhika akaenda zake. Mwalimu alibaki ghalani na magunia. Alikuwa amemficha yule mtoto. Alimficha kama anavyolificha jicho lake mwenyewe, kwa ustadi ule ule, na kila mtu alikuwa amepiga makofi. Alijaribu kufunga mlango wa ghala, kufuli likamshinda, akaliacha linaning'inia.

Ijumaa baada ya masomo hakwenda nyumbani. Alifika saluni, akapita mlango, akarudi, akapita tena hadi muuza vocha wa jirani akamwuliza kama amepotea. Mara ya tatu aliingia.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta ya nywele. Msusi alikuwa amesimama nyuma ya mteja, anasuka. Chini ya mashine ya kukaushia nywele alikaa mwanamke mwingine, uso ukiwa ndani ya gazeti. Panzi alikuwa uani, kamba yake ikisikika ikipiga saruji. Msusi alipomwona mwalimu alishusha pumzi, akasema kama ni habari ya juzi, jibu lake ni lile lile.

Mwalimu alisema hakuja kubishana. Aliona kitana chekundu kwenye meza karibu na msusi.

"Nirushie hicho kitana," alisema.

"Nini?"

"Nirushie. Taratibu tu, kama unavyomrushia mtoto."

Msusi alimtazama mteja wake kwenye kioo, mteja akainua mabega. Akakirusha. Kilimgonga mwalimu shingoni kikaanguka. Mwalimu alikiokota, akampelekea, akarudi mahali pake. Akaomba tena. Safari hii mikono yake ilifumba hewa, kitana kikapita katikati na kumpiga kwenye titi. Mteja alianza kucheka, akanyamaza.

Hapo ndipo mwanamke aliyekuwa chini ya mashine alipotoa kichwa kutazama kuna nini, na mwalimu akamtambua. Alikuwa karani wa shule. Karani huyo hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na breki. Mwalimu aliiona barua ya kazi ikimwondokea pale pale, kwa macho yake, kati ya vioo viwili. Angeweza kusema ametania, akaaga. Alikiokota kitana.

"Mimi ndiye ninayefundisha kudaka," alimwambia msusi. "Jicho langu la kushoto halioni. Nilizaliwa nalo hivyo, sikujua, kwa sababu hujui wenzako wanaona nini. Nilipopelekwa kwa daktari nilikuwa na miaka kumi na tano. Aliniambia ningefika nikiwa na sita au saba, lingefundishika. Wangelifunika lile zima, hili bovu lifanye kazi kwa lazima. Mtu akishakua, akili imelizoea kulipuuza, hakuna dawa. Mwanao anadaka kama mimi. Anageuza kichwa kama mimi. Na akiambiwa afunike jicho anadanganya kwa kiganja, kama mimi. Ana miaka mingapi?"

Msusi alikuwa ameziachia nywele za mteja. "Anafika saba mwezi ujao."

Kisha msusi alimwita mwanawe. Panzi aliingia akihema. Mama yake alichuchumaa, akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe, mkono uking'aa mafuta, akakaza pande zote. Akanyanyua vidole vitatu.

"Nimekuonyesha nini?"

"Mkono."

"Vidole vingapi?"

Panzi alijaribu kugeuza kichwa, mama yake akakishika. Mtoto akasema viwili. Mama alikunja kidole kimoja, akauliza tena, naye akasema vinne, halafu akaanza kuchukia na kuusukuma mkono.

Msusi hakusimama mara moja. Alipoinua uso kwa mwalimu, uso huo ulikuwa na hasira, na mwalimu aliona ni haki.

"Jumatano pale getini haya yote ulikuwa unayajua. Mbona hukusema?"

"Niliogopea kazi yangu."

"Kazi yako," msusi alirudia. Akamwambia mwanawe arudi uani. Akashika tena nywele za mteja, akamwambia mwalimu aende.

Jumatatu Panzi hakuja shule. Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya mapumziko ya saa nne, mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Ruka. Fomu ya afya ya miaka mitatu iliyopita ilikuwa mezani, imenyooshwa vizuri. Karani alikuwa amezisimulia habari kwa muuguzi, muuguzi kwa mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu alikuja kuuliza kama ni kweli. Mwalimu Ruka alisema ni kweli. Alieleza hadi namna alivyobadilisha viganja.

Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akaigeuza fomu juu chini kana kwamba nyuma yake kuna jibu.

"Jicho ningelisamehe," alisema. "Uongo ndio sijui niuweke wapi. Miaka mitatu nimekuwa nikisaini jina lako na kusema huyu namjua."

Alisema atalazimika kumwandikia mkaguzi. Mwalimu Ruka alisema anaelewa. Alitoka, akaenda uwanjani akafundisha kuruka kwa vipindi vitatu mfululizo, kwa kuwa kusimama kungekuwa vibaya zaidi.

Kuanzia hapo alisubiri. Wiki ya kwanza alishtuka kila mlango wa ofisi ulipofunguka. Wiki ya pili alianza kuwahi shule saa nzima kabla, kisha akawa hana la kufanya, akazoa taka za uwanja. Nyumbani mumewe aliacha utani kwa siku mbili, jambo lililomtisha zaidi kuliko barua. Shule ilimpeleka kwa daktari mwingine, ambaye alimfunika jicho kwa bandeji ya gundi, si mkono, na kuandika kila kitu kilivyo. Daktari huyo alimwuliza amewezaje kufundisha kudaka. Alimweleza habari ya pa na moja. Daktari aliomba arudie.

Barua ilifika wiki ya tano. Ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo kali kwa kutoa taarifa za uongo, litakalobaki kwenye faili lake. Ya pili ilisema ataendelea na mkataba wa muda kwa mwaka mwingine mmoja, na maombi ya ajira ya kudumu yatatazamwa baada ya hapo. Asisimamie peke yake watoto wakiwa majini. Shule haikuwa na maji ya kuogelea, ila bomba la kunawia. Mumewe alimwambia basi akiwa bombani awe anaita shahidi, na hapo akajua utani umerudi. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akaenda kuosha vyombo.

Panzi alikuwa amerudi shule zamani. Daktari wa macho alikuta kama mwalimu alivyosema, akampa miwani, na bandeji ya kubandika juu ya jicho zima kwa muda wa saa tano kila siku. Alimwambia mama yake kwamba muda upo, lakini si wa kuchezea. Mtu angetegemea mtoto afurahi, au mama yake ashukuru. Haikuwa hivyo. Jicho zima likifunikwa, Panzi alikuwa kama mtu aliyetupwa gizani kwenye nyumba asiyoijua. Alijikwaa kwenye ngazi. Alikosea mistari ya daftari. Pete sita alizokuwa akizivuka kwa mguu mmoja zilimwangusha kwenye ya pili. Wenzake walianza kumwita Jini Jicho Moja, na mwalimu alipowakemea, wakamwita hivyo kwa kunong'ona. Msusi alikuja mara mbili getini kumwambia Mwalimu Ruka kwamba mtoto analia kila asubuhi, kwamba anaibandua bandeji na kuitupa chooni. Hakuja kuomba kitu. Alikuja kumwambia tu, na mwalimu alisimama akasikiliza.

Siku moja ya wiki ya saba Panzi alikataa kabisa kucheza. Alikaa kwenye kizingiti cha ghala, miwani juu ya bandeji, amenuna. Mwalimu aliwaachia wengine mipira, akaenda kukaa karibu naye. Mtoto ndiye aliyeanza kusema.

"Mama anasema na wewe una jicho bovu."

"Ninalo."

"Mbona wewe hubandikwi?"

"Mimi nilichelewa. Haisaidii tena."

Panzi alilifikiria hilo, akikwangua ukucha wa kidole gumba. "Nani alikuchelewesha?"

Mwalimu alifungua mdomo kusema ni wazazi, au ni zamani zile, au hakukuwa na kliniki. "Mimi," alisema. "Niliona wenzangu wanadaka na mimi sidaki. Nikawa nacheka ili wasiulize. Hata mama yangu sikumwambia."

"Mimi hucheka pia."

"Nilikuona."

Baadaye mtoto aliinuka, si kwa furaha, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa warukaji. Alianguka kwenye pete ya tatu. Akaipanga upya kwa mguu, akarudi mwisho wa mstari.

Muhula uliofuata mwalimu mkuu, ambaye bado alimsalimia kwa ufupi, alimpangia wiki nzima pamoja na muuguzi kuwapima macho watoto wote upya, kwa bandeji za gundi. Walikuwa mia mbili na kumi na moja. Mwalimu aliyazunguka madarasa bila kukaa, bandeji zikimning'inia kwenye vidole, akiwabandika na kuwabandua watoto waliokuwa wakichezacheza kwenye viti. Wawili walipatikana. Mmoja alikuwa mvulana wa darasa la tano, na kwake walikuwa wamechelewa. Mwalimu aliandika jina lake, akalitazama muda mrefu kuliko majina mengine.

Ijumaa ya wiki hiyo msusi alimkuta ukumbini. Alikuwa ametoka kliniki na karatasi mkononi. Alisema jicho la kulia sasa linasoma mistari miwili zaidi chini, na kwamba daktari ameongeza miezi minne ya bandeji. Alisema hayo akitazama karatasi, si mwalimu. Kisha akaikunja, akaitia mkobani, akauliza kama kudaka wataanza tena lini, kwa sababu mtoto ameshamvunjia glasi mbili akijifunza na ukuta wa jikoni.

Mwalimu alitaka kumjibu vizuri, ila kengele ilikuwa imelia, na watoto thelathini na wanane walikuwa wameshatangulia uwanjani, wanarusha vifuko kila upande, nusu yao wakitanguliza mguu usio sahihi. Alisema Jumatatu. Akatoka mbio.